Karanga Juu ya Bati

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, nilimpa mdogo wangu jina la marehemu kwa konzi moja ya karanga za wizi. Hakuna aliyejua. Wazee wa upande wa baba walitawanyika wameridhika kwamba wahenga wamesema, na mimi nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya jiko nikiokota karanga mchangani. Sasa mimi ni mtu mzima mwenye mvi na hasira za karibu, na siri hiyo nimeitoa Jumapili iliyopita tu, tena kwa sababu nilikuwa nimekasirika.

Mdogo wangu alibatizwa Ester. Tulikaa Kikuyu, hapa hapa Dodoma mjini, katika nyumba ya kupanga yenye ua wa nyuma. Baba alikuwa karani wa serikali, Mgogo wa vijiji vya Mpwapwa. Mama ni mtu wa Iringa, na wakwe zake hawakuacha kumkumbusha hilo. Ester alikuwa mtoto mzuri wa sura ambaye hakugeuka akiitwa. Ungemwita mpaka sauti ikakauka. Lakini mama akimimina karanga kwenye ungo kule uani, Ester aliyekuwa barazani mbele angekuja mbio. Aliipenda ile sauti kuliko kuzila karanga zenyewe. Alikuwa akizichota na kuzidondosha juu ya bati lililofunika pipa la maji, moja moja kwanza, kisha zote kwa pamoja, halafu anacheka mpaka anakosa pumzi. Kwa hiyo kiziwi hakuwa, na hilo ndilo lililowaudhi watu. Kiziwi wangemhurumia.

Majirani walikuwa na maelezo yao. Mmoja alisema mama alipokuwa mjamzito alimcheka kilema. Mwingine alisema baba alimtoa mtoto kafara ili apate kazi ofisini, maneno ya kipuuzi, maana kazi yenyewe ilikuwa ya kupanga mafaili. Mchungaji alikuja akamwekea mikono, Ester akamng'ata kidole. Mama alizipokea habari hizo zote kwa kuinamisha kichwa, naye akazidi kukonda. Hadi leo nikikumbuka namna walivyokuwa wakija kumpa pole huku wanamlaumu, natamani ningekuwa mkubwa siku zile nikawatoa nje.

Ester alipofikisha miaka saba tulimpeleka kuandikishwa darasa la kwanza, katika shule niliyokuwa nasoma mimi. Wakati ule mtoto alipimwa kwa kupitisha mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Ester alilishika, tena akakataa kuliachia. Mwalimu aliyekuwa anaandikisha akacheka, akafungua daftari.

"Jina lako nani, mama?"

Ester alikuwa anatazama kalamu.

"Nakuuliza jina lako. Jina. Hujui jina lako? Ester, si wewe Ester? Sema basi, Ester."

Aliuliza harakaharaka, swali juu ya swali, na mstari wa wazazi nyuma yetu ulikuwa mrefu. Mwisho akafunga kalamu. Akamwambia mama kwa upole amrudishe mwakani, akiwa ameshalijua jina lake. Tulipofika nyumbani mama akaikunja sare mpya ya Ester na kuiweka chini kabisa ya sanduku.

Bibi yetu, mama yake baba, alipopata habari alipanda basi kutoka Mpwapwa na kuja. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, mwenye mapenzi mengi ambayo hayakuonekana usoni. Akamtazama Ester siku mbili nzima bila kumgusa. Siku ya tatu akasema, "Huyu mtoto haumwi. Jina ndilo halijamfika. Mmemwita la kanisani tu, hamkuwauliza wenyewe."

Sijui familia nyingine za Kigogo hufanyaje. Kwetu iliaminika kwamba mtoto huja na mtu wake, yaani mmojawapo wa waliotangulia, na asipoitwa jina la huyo hatulii. Kwa kawaida mambo hayo humalizwa mtoto akiwa bado mchanga: akilia bila kukoma, majina ya marehemu hutajwa moja moja, na jina litakalomnyamazisha ndilo lake. Ester alikuwa amechelewa miaka saba. Bibi alisema kosa ni la baba, aliyejifanya mtu wa mjini. Mama alikuwa mtu wa kanisa sana na hakupenda, lakini alimtaka mwanawe aingie darasani, akasema, "Mama, kama ni jina tu, mtafuteni."

Tukaenda Mpwapwa likizo ya mwezi wa sita. Nyumba ya bibi ilikuwa tembe la zamani, refu, lenye paa la udongo, isipokuwa jiko, ambalo baba aliliezeka mabati. Asubuhi na mapema, jua likiwa bado halijaumiza, Ester aliketishwa juu ya ngozi ya ng'ombe mlangoni, ametazama nje. Wazee wa kike wanne walikaa nyuma yake. Mbele yao alikuwa dada yake babu, tuliyemwita bibi mkubwa, ameshika kibuyu cha maji. Kazi yake ilikuwa kutaja majina. Kila akitaja moja alinyunyiza maji kidogo chini, kisha wote wanatazama shingo ya mtoto. Akigeuka, basi.

Mimi nilifukuzwa. Watoto hawakutakiwa pale. Nikazunguka nyuma ya jiko, mahali ambapo ningeweza kusikia. Hapo palikuwa na debe la karanga za mbegu, karanga ambazo bibi alituambia wazi kwamba atakayezigusa atamjua yeye ni nani. Nilikuwa na njaa, maana hakuna aliyekunywa uji asubuhi ile kabla shughuli haijaisha. Nikazamisha mkono.

Nilisikia sauti ya bibi mkubwa, taratibu, kama mtu anayeita watu waliolala. "Mwaja mkubwa." Kimya. "Sechela." Kimya. "Mbeleje." Mtu akakohoa. "Mwaja mdogo." Kimya kirefu. Nikavuta mkono kutoka kwenye debe, kiwiko kikagonga ukingo, na karanga zote nilizochota zikamwagika juu ya kipande cha bati kilichobaki kwenye ujenzi wa jiko.

Bibi mkubwa akawa anasema, "Nyemo."

Ester aligeuka. Niliambiwa baadaye, na mara nyingi mno, jinsi alivyogeuka mwili mzima, akasimama juu ya ile ngozi, akacheka. Wazee wakapiga vigelegele. Mama alilia. Nami nyuma ya jiko nilijua Ester amegeukia nini, na nilijua pia nikisema, nitaulizwa mkono wangu ulikuwa unafanya nini kwenye mbegu. Nikanyamaza. Nilikuwa na miaka tisa, na fimbo ya bibi niliifahamu vizuri.

Basi Ester akawa Nyemo. Bibi akatukalisha chini, baba, mama na mimi, atueleze huyo Nyemo alikuwa nani, ili tumlee mtoto kwa heshima yake. Alikuwa shangazi wa babu, mfinyanzi wa vyungu, mwanamke aliyependa kazi yake na hakupenda makelele. "Nyemo alikuwa haitwi mara mbili," bibi alisema. "Unamwita mara moja tu, unakaa chini, unasubiri. Ukirudia, anaondoka. Na mkono wake usiushike akiwa na udongo. Mkimfuata mtoto kama mlivyokuwa mnamfuata Ester, mtamfukuza."

Tukarudi Kikuyu na masharti hayo, na tuliyashika kwa sababu tulimwogopa marehemu. Mama akimhitaji alimwita mara moja tu, akakaa kwenye kigoda, akasubiri. Mwanzoni alisubiri mpaka ugali ukapoa. Baba, mtu asiyekuwa na subira hata ya kungoja chai, alijifunza kukaa kimya. Tukaacha kumshika mkono akiwa anapanga vitu vyake. Baada ya wiki kadhaa, mama alimwita akiwa uani, na kabla hajamaliza kukaa, Ester alikuwa amesimama mbele yake. Baada ya miezi akaanza kujibu kwa maneno. Machache, na kwa wakati wake, lakini maneno.

Nimeyafikiria haya kwa miaka mingi na ninayasema bila kigugumizi. Jina lilikuwa la uongo, na mwongo ni mimi. Lakini masharti yaliyokuja na lile jina yalikuwa ndiyo dawa aliyoihitaji mdogo wangu, kama ni halali kuita dawa kitu kinachowafaa wengine wakiacha kelele zao. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumngoja kabla ya hapo. Ilibidi tutishwe na mfinyanzi aliyekufa zamani.

Mwaka uliofuata tulirudi kuandikisha. Safari hii alikuwapo Mwalimu Tabu, mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Baba alimsogelea kabla zamu yetu haijafika. "Shikamoo, Mwalimu. Huyu mtoto ana masharti kidogo. Ukimwuliza, uliza mara moja tu, halafu umsubiri."

Mwalimu Tabu alimtazama baba, akaniangalia na mimi, akasema, "Marahaba. Tutasubiri." Akauliza jina. Akaweka kalamu chini, akakunja mikono. Mstari wa wazazi ukaanza kunung'unika, yeye akawa kama hausikii.

"Ester Nyemo," mdogo wangu akasema.

Akapewa dawati karibu na mlango, dawati lenye mguu mmoja uliounganishwa kwa waya, na hakukaa kwingine tena. Mwalimu Tabu alimwacha asimame akichoka. Aligundua kwamba Ester anayajua majina ya darasa zima kwa mpangilio wa daftari la mahudhurio, akawa anamwachia aite, na watoto wakaitika. Mwaka ule wa kwanza alijua kusoma. Mwaka wa pili aliandika barua kwa bibi, mistari mitatu, yote ikihusu mvua. Nilikuwa nikipita dirishani kwao wakati wa mapumziko nione kichwa chake pale mlangoni, na nilikuwa najivuna. Wakati mwingine nilijiambia kwamba hata nikifa leo na siri yangu, si kitu, mambo yameshakaa sawa.

Yaliharibika kwa sababu ya nia njema, na ndiyo maana yananikera zaidi. Miaka ile serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi, na baba akapunguzwa. Akaanza kuuza mitumba sokoni, kazi aliyoifanya kwa aibu, amevaa bado mashati yake ya ofisini. Mteja mmoja alimwambia kuna daktari mgeni wa watoto katika hospitali moja ya misheni, bingwa, atakaa miezi michache tu. Baba alikuwa mtu wa mafaili. Aliamini kitu kikiandikwa na mtu mwenye cheo kinakuwa imara. Mambo ya Nyemo hayakuwa na karatasi popote. Akasema, "Tukipata barua ya daktari, hata Mwalimu Tabu akihamishwa, walimu wengine watajua namna ya kukaa naye."

Mimi nilikwenda nao kwa sababu Ester alikubali kupanda gari nikiwapo. Daktari alikuwa mwanamke mpole, mwenye miwani, na nesi alikuwa akimtafsiria. Alimpa Ester vibao vya rangi. Akamwuliza mama maswali mengi ambayo hakuna aliyewahi kumwuliza. Kisha akazunguka, akasimama nyuma ya Ester.

"Ester," akaita. Baada ya kitambo kifupi tu, "Ester. Ester." Akapiga makofi. "Ester."

Mdogo wangu aliendelea na vibao. Daktari akaandika.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilihisi nimerudi nyuma ya jiko la bibi. Ilikuwa shughuli ileile. Mtu mzima anataja jina mgongoni mwa mtoto, wakubwa wanatazama shingo, na shingo ndiyo itakayoamua. Nikasema, "Daktari, anaitwa mara moja tu, halafu mtu anasubiri." Baba akanikonyeza ninyamaze. Nesi hakutafsiri.

Mwisho daktari akatuambia neno ambalo nesi alishindwa kulipatia Kiswahili. Siku hizi tunasema usonji. Lakini aliyoyasema baada ya hapo nesi aliyatafsiri vizuri, na sitamnyima daktari yule haki yake. Alisema mtoto hajarogwa. Hajalaaniwa. Kazaliwa hivyo, ubongo wake unaipokea dunia kwa njia yake. Kisha akamgeukia mama akamwambia kwamba hakuna kosa alilofanya, si kwenye mimba wala baada ya kujifungua. Mama akajifunika uso kwa khanga na kulia kilio ambacho sikuwahi kukisikia kwake. Miaka kumi kasoro alikuwa anangoja mtu amwambie hivyo. Nikimsikia mtu leo akisema majina ya madaktari hayana maana, mimi huikumbuka khanga ile na ninakaa kimya.

Wiki ileile baba alivaa shati lake jeupe akapeleka barua shuleni. Mwalimu Tabu alikuwa amekwenda kozi. Niliitwa kutoka darasani nilete madaftari ya Ester ofisini, kwa hiyo nilisikia mwenyewe. Mwalimu mkuu aliisoma barua mara mbili, akaikunja vizuri.

"Umefanya vizuri sana kuileta, mzee. Sasa tumejua."

Baba akatabasamu.

"Na kwa kuwa tumejua, hatuwezi kuendelea naye. Hapa hatuna mtaalamu. Tutakuwa tunamkosea mtoto. Kuna shule zao, nasikia Dar es Salaam zipo."

"Lakini Mwalimu, anasoma. Tazama daftari hili."

"Naona. Mwandiko mzuri. Lakini juzi sikuwa na barua, leo ninayo. Mkaguzi akija nitamwambia nini?"

Alisema bila ubaya. Ningependa kukuambia alikuwa mtu katili, ningekuwa nimepona mapema. Alikuwa mtu mwenye hofu na ofisi yake. Baba aliomba, akaeleza hata habari za kuita mara moja na kusubiri, na mwalimu mkuu akaniangalia kwa huruma kana kwamba familia nzima ina tatizo. Tukatoka na madaftari. Dar es Salaam ilikuwa mbali, na baba alikuwa muuza mitumba.

Kesho yake Ester alivaa sare akatoka pamoja nami. Mwalimu wa zamu akamrudisha getini. Ester alifanya hivyo kila siku, karibu mwezi mzima, mpaka mama akaificha sare, na nyumba yetu ikajaa kelele ambazo hatukuwa tumezisikia tangu alipoitwa Nyemo. Akaacha kujibu akiitwa. Mwalimu Tabu aliporudi alikuja nyumbani, akagombana na mwalimu mkuu, kisha akahamishiwa wilaya nyingine. Hayo nayo yakaisha hivyo.

Bibi alituma ujumbe kwamba jina la kwenye karatasi limemfukuza Nyemo. Mimi niliamini kitu kibaya zaidi. Niliamini kwamba huyo Nyemo hakuwa ameitwa na mtu, kwamba mwenye mtoto halisi alikuwa marehemu wa sita au wa saba ambaye hakutajwa kwa sababu ya tamaa yangu ya karanga, na sasa amekuja kuchukua alichonyang'anywa. Nilipanga nikaungame kwa bibi likizo ya mwezi wa kumi na mbili. Bibi alifariki mwezi wa kumi na moja. Nilimlilia kwa sababu mbili, na moja sikuweza kumwambia mtu.

Ester sasa ana miaka arobaini na kitu. Anakaa kwangu Miyuji pamoja na mama. Ananichagulia karanga za kuuza dukani, nzima huku, zilizovunjika kule, na hakosei hata moja. Anasoma gazeti lolote linalofungiwa vitu. Watu wakija humwuliza habari zake kupitia kwangu, naye amekaa hapohapo.

Jumapili iliyopita tulikuwa uani baada ya kanisa, mimi, mama, Ester na ungo wake, na binti yangu Upendo anayesoma chuo kikuu hapa mjini. Upendo amesoma mengi kuhusu usonji na amechangamka nayo. Alitaka tumpeleke mama yake mdogo akapimwe upya.

"Barua ya zamani imepotea," alisema. "Na hata ingekuwepo, waliiandika kama ugonjwa. Siku hizi si hivyo, mama. Ni namna mtu alivyo. Kuna watu wazima wanajiita hivyo wenyewe na wanajivunia. Mama mdogo ana haki ya kujua yeye ni nani."

"Wajivunie hukohuko waliko," mama akasema. Sauti yake imezeeka lakini haijalegea. "Mimi yule daktari alinivua mzigo, Mungu ambariki. Lakini karatasi yake ilimtoa mwanangu darasani. Mkipata nyingine msiilete kwenye nyumba hii."

"Bibi, tatizo halikuwa karatasi. Ni ile shule."

"Shule ilikuwa inamkubali kabla haijasoma."

Wote wawili walikuwa wanasema kweli, na ukweli wao ulikuwa unanichosha. Nimewahi kukaa katika vikao vya wazazi, nimewasikia wanaotaka mtoto aponywe na wanaosema hakuna cha kuponya, wanaoficha neno na wanaolibandika ukutani. Kila mmoja ana sababu, na mara nyingi sababu hiyo inamhusu yeye zaidi kuliko mtoto. Pale uani Upendo akawa anasema, "Si ndiyo, mama mdogo? Mama mdogo? Si ungependa kujua? Mama mdogo?" Nikashikwa na hasira.

"Mnaniudhi," nikasema. "Nyote mnaniudhi. Hilo jina Nyemo mnalolitaja kila siku, halikuletwa na mtu. Nilikuwa naiba karanga za bibi, zikanimwagikia kwenye bati, akageukia karanga. Ndiyo hivyo. Majina yote tuliyompa ni ya kwetu sisi."

Mama alinitazama. Sijui alikuwa anahesabu nini kichwani. Nilingoja anitukane, maana nilistahili, lakini kabla hajafungua mdomo tulisikia sauti ya Ester. Hakuinua uso kutoka kwenye ungo.

"Mwaja mkubwa. Sechela. Mbeleje. Shangazi akakohoa. Mwaja mdogo. Dada akamwaga karanga. Bibi mkubwa akasema Nyemo."

Akachagua karanga nyingine, akaiweka upande wa zilizovunjika.

Alisikia yote. Alikuwa amekaa pale juu ya ngozi, mtoto wa miaka saba, akisikia kila jina na kila kikohozi, na anayakumbuka kwa mpangilio kama alivyokuwa akikumbuka daftari la Mwalimu Tabu. Siri niliyoibeba umri wangu wote yeye alikuwa nayo tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyemwuliza, basi.

Nikaburuta kigoda nikakaa karibu naye.

"Nyemo," nikasema, mara moja tu. "Watu hawa wanataka kukutafutia karatasi. Wewe unataka nini?"

Kisha tukasubiri. Upendo alifungua mdomo, mama akamwekea mkono kwenye goti. Jirani alizima redio yake. Kivuli cha ukuta kikasogea mpaka kikafika miguuni mwangu, nami nikajizuia kurudia swali, ingawa lilinijaa mdomoni. Mama alisubiri kama zamani, mikono mapajani, kwa heshima ya mfinyanzi ambaye sasa alijua hakuitikia kamwe.

"Dawati," Ester akasema. "Dawati la mlangoni. Lile la waya."

Ningeweza kumwambia kwamba shule ile imejengwa upya na madawati yake ya zamani yalishakuwa kuni. Ningeweza kumwambia Upendo ameshinda, au mama ameshinda. Tulikuwa tumebishana miaka thelathini juu ya nani alimwita vizuri, na yeye muda wote huo alikuwa akingojea arudishiwe mahali pake pa kukaa.

Mama akainuka kwa taabu, akaingia ndani. Tulimsikia akifungua sanduku. Alirudi na ile sare, ya darasa la pili, imekunjwa vilevile, akaiweka mapajani mwa Ester juu ya vumbi la karanga. Ester akaikunjua, akatafuta kifungo cha juu ambacho siku zote kilikuwa kimelegea, akakikuta bado kipo, na akaanza kukichezea.

Jumatatu nilifunga duka nikaenda kwa fundi seremala, nikamwagiza dawati. Akaniuliza la mtoto wa darasa la ngapi. Nikamwambia la mtu mzima, na mguu mmoja auunganishe kwa waya.